Mvua Ilipokataa: Safari Ndefu ya Mvuke wa Olkaria

Mwaka 1956, serikali ya kikoloni ya Kenya ikiwa bado imetangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, mtambo wa kuchimba visima ulikokotwa hadi Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Mahali penyewe hapakuhitaji mpelelezi. Ardhi ilikuwa ikifuka mvuke mchana kweupe, mawe ya moto yakigeuka rangi kwa madini, na Wamaasai waliochunga mifugo huko na kuchota udongo mwekundu wa kujipaka walijua tangu zamani kwamba chini ya miguu yao pana jiko. Wahandisi walitaka kujua jambo moja tu: je, jiko hilo laweza kuzungusha mashine?

Walichimba visima viwili, wakaviita X-1 na X-2. Cha pili kilishuka karibu mita 950. Joto walilikuta, ila mvuke haukupanda kwa nguvu ya kutosha wala haukudumu. Kufikia 1959 kazi ilifungwa, mitambo ikaondolewa, nyasi zikaota upya.

Hawakuwa wakiota ndoto. Kule Larderello, Italia, mvuke wa ardhini ulikuwa umewasha taa tano mwaka 1904, na baada ya miaka michache ukawa unauzwa kama umeme. New Zealand walikuwa wakijenga kituo cha Wairakei wakati huohuo Olkaria ilipokuwa ikitobolewa. Hata Afrika kulikuwa na mfano, ingawa wachache wanaukumbuka: Kiabukwa, huko Katanga nchini Kongo, mtambo mdogo wa takriban kilowati 200 ulianza mwaka 1952 kutumia maji ya chemchemi ya moto yasiyofika hata nyuzi 100, ili kulisha shughuli za mgodi. Ulifanya kazi miaka michache, ukaachwa. Kwa hiyo anayesema Kenya ndiyo iliyotangulia Afrika nzima kwa jotoardhi anawadhulumu Wakongo kidogo, ingawa kwa kiwango cha kulisha taifa amesema kweli.

Sababu ya kuiacha Olkaria haikuwa ule mvuke dhaifu peke yake. Maji yalikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, Nile inapotoka Ziwa Viktoria, na kabla muongo haujaisha nyaya zilikuwa zimevuka Tororo kuleta umeme wa Uganda hadi Nairobi. Nani angeendelea kumwaga pesa kwenye mashimo yanayopumua kivivu, na mto wa jirani unauza umeme kwa bei nafuu?

Uhuru ulipopatikana, viongozi wapya waliona aibu kuwasha taa za mji mkuu kwa hisani ya jirani. Macho yakaelekezwa kwenye Mto Tana, unaoshuka kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, ukapinda kuelekea nyanda kavu za mashariki, ukaishia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kindaruma lilifunguliwa mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ukiyatazama kwenye ramani yamepangwa kama ngazi, moja juu ya jingine, na hapo ndipo ulipo ujanja wake. Tone lilelile la maji linazungusha mashine ya Masinga, linateremka, linazungusha ya Kamburu, ya Gitaru, ya Kindaruma, na mwisho ya Kiambere. Mhandisi yeyote angesifu hesabu hiyo. Hesabu hiyohiyo, lakini, ukiisoma kinyume inatisha: tone likikosekana kule juu, limekosekana mara tano.

Watu wa bonde la chini walikuwa wa kwanza kuionja. Wapokomo wa Tana ya Chini walilima kwa kufuata mafuriko. Mto ulifurika misimu miwili kwa mwaka, ukatandaza tope jeusi kwenye kingo, ukajaza vidimbwi vya samaki, kisha ukarudi. Mkulima akapanda mpunga na migomba palepale maji yalipopungua. Mabwawa makubwa yalipoanza kushika maji ya masika ili kuyatumia kiangazi, mafuriko hayo yalipungua na kupoteza mpangilio. Vidimbwi vingine vikakauka. Mifugo ya Waorma ikabanwa na mashamba ya Wapokomo kwenye malisho yaliyozidi kusinyaa. Bwawa halikuwa sababu pekee ya ugomvi wa huko, ila sehemu ya bei ya umeme uliowasha Nairobi ililipwa huko Tana ya Chini, na hakuna aliyeandikiwa risiti.

Turudi kwenye mvuke. Mwaka 1970 serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walirudi Bonde la Ufa kupima upya, kuanzia Olkaria na Eburru hadi Bogoria. Safari hii walikuja na vipimo vya kemia ya gesi na vya namna miamba inavyopitisha umeme, si kwa macho tu. Kisha, katikati ya upimaji huo, bei ya mafuta ikalipuka duniani mwaka 1973, na jambo lililokuwa la wanajiolojia likawa la Hazina. Kisima cha kwanza cha awamu hiyo, OW-1, kilitoka kapa. Cha pili kilitoa mvuke. Kufikia 1976 visima sita vilikuwa vimechimbwa, na sasa kulikuwa na karatasi ya kupeleka kwa wakopeshaji.

Hapa inafaa kusema waziwazi kwa nini mvuke unachelewa. Bwawa unaliona kabla hujalijenga: mto upo, korongo lipo, mvua za miaka 30 zimepimwa. Kisima cha mvuke hukioni mpaka umelipa. Leo kisima kimoja kirefu hugharimu dola milioni kadhaa, nacho hushuka kilomita mbili hadi tatu kutafuta joto linalozidi nyuzi 300. Keekee ikigonga mwamba usio na nyufa, pesa hizo zimezikwa. Hakuna benki ya kawaida inayopenda kukopesha shimo. Ndiyo maana karibu kila nchi iliyofanikiwa katika jotoardhi ilianza na fedha za umma, za watu walio tayari kupoteza.

Mwaka 1981 vitu viwili vilizaliwa Kenya. Bwawa la Masinga lilijaa hadi kuwa ziwa la zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, hifadhi kuu ya maji ya ngazi nzima ya Tana. Mwaka huohuo, Olkaria, mashine ya kwanza ya megawati 15 iliyotengenezwa na Mitsubishi ilianza kuzunguka kwa mvuke. Ya pili ilikuja 1982, ya tatu 1985. Jumla megawati 45. Masinga peke yake ilikuwa na mashine za megawati 40, lakini thamani yake haikuwa mashine bali ule mtungi mkubwa wa maji. Basi haishangazi kwamba magazeti na hotuba zilikwenda Masinga.

Mtu aliyepita Olkaria miaka ile aliona kitu kisichofanana na kiwanda chochote nchini. Mdomo wa kisima ni mrundo wa vali nene za chuma zinazoshinda mtu kwa kimo. Kinachotoka si mvuke mtupu. Ni mchanganyiko wa mvuke na maji ya chumvichumvi, unaoingizwa kwenye tangi la kutenganishia. Maji yanazama, mvuke unapanda na kufuata mabomba yanayong'aa kuelekea kwenye mashine. Mabomba hayo hayajanyooka. Yamekunjwa mara kwa mara kama goti, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka, na pasipo kunja hizo kingejing'oa kwenye nguzo zake. Mahali pengine yameinuliwa juu ili wanyama wapite, maana mwaka 1984, mashine mbili zikiwa tayari zinaunguruma, eneo hilo lilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Twiga na turbini wamekuwa majirani tangu hapo.

Kaskazini kidogo, kwenye mlima wa Eburru, mvuke ulikuwa na kazi nyingine kabisa, na binafsi ndiyo inayonivutia zaidi. Eburru haina mito. Wakazi huchomeka mabomba penye matundu yanayopumua, wakayalaza kwa mteremko; mvuke unapoa ukisafiri ndani, unageuka tone, tone linadondoka kwenye pipa. Maji ya kunywa, ya ng'ombe, ya kufulia. Na kuna kikaushio cha pareto kinachotumia joto hilohilo, mbinu iliyoanza tangu enzi za walowezi. Wataalamu walipokuwa wakibishana kuhusu gharama ya kilowati, mlima mzima ulikuwa umeshajibu.

Baada ya 1985, Olkaria ililala. Visima vya kituo cha pili vilichimbwa, vikapimwa, vikafungwa vali, vikasubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafadhili waliibana serikali ya Moi kwa ajili ya rushwa na siasa, na mikopo ya umeme ikakauka pamoja na mingine. Pesa zilizokuwapo zilikuwa zimekwenda kwenye bwawa jingine, Turkwel, katika ardhi ya Wapokot: ukuta wa mita 153 katika korongo, megawati 106, lililofunguliwa mwaka 1991 likiwa na sifa ya kuwa ghali kuliko ilivyostahili. Bwawa lenyewe lilikaa miaka mingi bila kujaa. Mvuke ulikuwa tayari, chini ya kifuniko, karibu na Nairobi kuliko Turkwel. Uamuzi ukawa kujenga mbali na kungoja mvua.

Mvua ikakataa. Masika ya 1999 yalikuwa haba, ya 2000 yakawa mabaya zaidi. Katika mwaka mzuri zaidi ya asilimia 70 ya umeme wa Kenya ulitoka kwenye maji, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa Tana. Masinga iliposhuka, ngazi nzima ilishuka nayo. Mgao ulitangazwa, mkali kuliko wowote ambao nchi ilikuwa imeuona. Viwanda vilipangiwa saa, mitaa ikapangiwa siku. Mafundi wa kuchomelea vyuma waligeuza mchana kuwa usiku kwa sababu stima ilirudi watu wakiwa wamelala. Vinyozi wakatundika mikasi. Vibanda vya nyama vikauza kwa hasara kabla jokofu halijapoteza baridi yake yote. Jenereta za dizeli zilikodiwa kutoka nje kwa mkataba wa dharura, kwa bei ambayo mwananchi aliilipa kwenye bili miaka mingi baadaye. Uchumi uliokuwa ukichechemea ukasimama.

Katika mgao huo kilikuwapo kitu kimoja ambacho hakikutetereka. Mashine tatu za Olkaria, zenye umri wa kati ya miaka 15 na 19, ziliendelea kutoa megawati zao usiku na mchana kana kwamba hazijasikia habari za ukame. Sidhani kama kuna ripoti ya mshauri iliyowahi kushawishi serikali kuliko hilo.

Kampuni binafsi ya OrPower 4 ilikuwa imeanza kidogokidogo mwaka huohuo wa 2000 na kituo cha Olkaria III. Mwaka 2003 hatimaye Olkaria II iliwashwa, ikitumia visima vilivyokuwa vimengoja kiasi cha muongo mmoja. Ukame uliporudi 2009, mashine za Masinga zilizimwa kabisa kwa kukosa maji, na dizeli ya kukodi ikarudi. Serikali ilikuwa imeshachukua hatua niliyoitaja, ya kubeba hasara ya mashimo: mwaka 2008 iliunda Kampuni ya Kuendeleza Jotoardhi, GDC, ili serikali ichimbe na kupima, mwekezaji aje akute mvuke. Mitambo ya kuchimba ilinunuliwa badala ya kukodiwa, mmoja ukaitwa Simba. Mwaka 2011 uchimbaji ulianza Menengai, ndani ya kasoko juu ya mji wa Nakuru.

Nyuma ya vyuma hivyo walikuwapo watu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa ikituma wanajiolojia, wakemia na wahandisi wake kusoma Auckland na Iceland, na katika mafunzo ya Iceland Kenya ndiyo iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko nchi yoyote. Masomo hayo hayakukatika hata pale pesa za mitambo zilipokosekana. Kwa hiyo fedha zilipokuja, hawakuhitajika wageni wa kufundisha kazi. Leo Wakenya hao ndio wanaoitwa kuchimba Ethiopia na Djibouti.

Mwaka 2014 ulikuwa wa mavuno. Olkaria IV, megawati 140, ilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Oktoba. Nyongeza ya megawati nyingine 140 kwenye kituo cha zamani ikafuata ndani ya miezi michache. Mwaka 2015 mvuke uliyapita maji katika kuzalisha umeme wa Kenya, na haujawahi kurudi nyuma. Olkaria V ilikuja 2019. Siku hizi kiasi cha asilimia 40 ya umeme wa nchi hutoka chini ya ardhi, na kwa jumla kiasi cha asilimia 90 hakichomi mafuta.

Waliohamishwa kupisha Olkaria IV hawakupiga makofi. Jamii za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilipelekwa kwenye makazi mapya yaliyoitwa RAPland: nyumba za mawe, shule, hati ya ardhi. Katika karatasi ilionekana vizuri. Mahali penyewe palikuwa na makorongo na mteremko, mbali na watalii waliokuwa wakinunua shanga zao, na mbali na barabara ya kuendea kibarua. Oktoba 2014, wakati hotuba za uzinduzi zikisomwa, malalamiko yao yalikuwa yanawasilishwa kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Benki zilikubali kwamba kulikuwa na kasoro, wasuluhishi wakaletwa, na makubaliano yakatiwa saini baada ya mazungumzo marefu. Neno “safi”, tunapolibandika kwenye nishati, linahesabu moshi tu. Halihesabu nani alihama.

Upepo ulirudia kisa hicho kwa sura nyingine. Karibu na Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, upepo huvuma katikati ya milima kwa nguvu inayomwangusha mtoto. Mitambo 365 ilisimamishwa huko, megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kilomita zaidi ya 400 ya kuuleta umeme hadi Suswa haikuwapo. Mkandarasi wa Kihispania alikuwa amefilisika katikati ya kazi. Kwa zaidi ya mwaka, mapanga yalisubiri na mlipa kodi akatozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukusafiri. Laini ilikamilika 2018. Mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilitolewa kinyume cha utaratibu, kesi iliyofunguliwa na wenyeji wa Marsabit.

Mtu anaweza kudhani mabwawa ya Tana sasa ni mabaki ya zamani. Sivyo. Mvuke haupendi kuzimwa na kuwashwa. Unakwenda mwendo mmoja. Usiku wa manane, nchi ikiwa imelala, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiwa angani kwa kuwa hakuna wa kuutumia. Saa moja jioni, kila jiko, taa na televisheni vinapowaka kwa pamoja, anayeweza kuitika kwa dakika chache ni bwawa: unafungua lango, maji yanashuka, mashine inazunguka. Upepo nao huja utakapo. Kwa hiyo Masinga na Gitaru wamebadilishiwa kazi, kutoka kubeba mzigo mzima hadi kuziba pengo la jioni, na nadhani hiyo ndiyo kazi iliyowafaa tangu mwanzo. Mto uliopangiwa kazi hiyo hauhitaji kuminywa mwaka mzima.

Tanzania, iliyopatwa na ukame kama huo, ilijibu kwa njia nyingine. Mwaka 2006 bwawa la Mtera lilipopungukiwa maji nchi iliingia gizani, na Oktoba 2015 vituo vikuu vya maji vilizimwa. Jibu likawa gesi ya Songo Songo na Mtwara, kisha bwawa kubwa kuliko yote nchini humo, la Mwalimu Nyerere kwenye Rufiji, megawati 2,115. Litahukumiwa na miaka ya mvua haba, si na miaka ya kwanza.

Na Kenya yenyewe haijaagana na mabwawa. Tangu mwishoni mwa 2022 inanunua hadi megawati 200 kutoka Ethiopia, umeme unaosafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa, palepale laini ya Turkana inapotua. Ethiopia huuzalisha kwa maji karibu wote, na mojawapo ya mabwawa yake, Gibe III, limekalia Mto Omo, unaoleta sehemu kubwa kabisa ya maji ya Ziwa Turkana. Wavuvi wa upande wa Kenya walilipinga miaka mingi. Menengai, kwa upande wake, iliyotobolewa tangu 2011 na kugawiwa wawekezaji watatu, ilitoa umeme wake wa kwanza mwaka 2023 tu, megawati 35, baada ya mivutano ya mikataba na dhamana. Na katika mipango ya serikali bado limo bwawa jingine la Tana, High Grand Falls, kubwa kuliko yale matano ya ngazi. Wapokomo na Waorma wa chini ya mto wameshaanza kuuliza safari hii ni nani atakayewapimia mafuriko yao.